Harufu ya petroli kwenye Land Rover ya zamani ya jeshi: uanzie wapi, uishie wapi

Land Rover 88 na 109 (fupi na ndefu) zilizowahi kutumika jeshini bado zina kazi huku Tabora. Utazikuta zikitoa asali Sikonge, zikibeba mbao upande wa Urambo na Kaliua, na nyingine zinavuka hadi Uvinza na Kigoma. Injini zake hazina siri nyingi. Kinachoniumiza kichwa ni tenki la mafuta. Kwenye nyingi za hizi liko chini ya siti ya mbele, na za jeshi mara nyingi zina mawili: moja chini ya dereva, la pili chini ya abiria. Baadhi yake hata mdomo wa kujazia uko humo ndani. Unainua mto wa siti, unafungua kifuniko, unamimina. Kila tenki linachukua takribani lita 45. Kwa hiyo dereva ameikalia petroli, na kitu kikianza kuvuja, kinaanzia miguuni pake.

Ukiuliza madereva, watakuambia, "Hilo ni jasho lake tu, mzee." Mimi sikubali. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli mpaka ipashwe kupita nyuzi 50. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotea, unalala sakafuni, unateremka chini ya gari, unatambaa kufuata mteremko. Gereji zetu nyingi ziko chini ya mwembe, na hatua chache pembeni kuna mama ntilie na jiko lake la mkaa. Unajua mwenyewe mvuke huo unakokwenda.

Matatizo yafuatayo ndiyo yanayoletwa mara kwa mara. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana.

Kabla hujagusa kitu

Litoe gari nje kwa kulisukuma, usiliwashe. Fungua milango yote, inua mito ya siti, acha hewa ipite kama nusu saa. Betri ije baadaye. Watu hukimbilia betri kwanza, nayo ukiitoa hupiga cheche. Kabini ikiwa imejaa mvuke, hiyo cheche moja inatosha. Hewa ikishapita, toa kwanza waya unaokwenda kwenye bodi, halafu ule mwingine. Zile zilizotengenezwa kubeba redio zina umeme wa volti 24, na betri zake si lazima ziwe chini ya boneti, hivyo zitafute kabla hujaanza.

Tochi iwashwe ukiwa mbali. Kibatari, sigara na grenda ya jirani vyote visubiri. Uwe na mtungi wa unga wa kuzimia moto, wa kilo mbili au zaidi, na mshale wake uwe kwenye kijani. Ndoo ya maji haifai: petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo ikiwaka.

Harufu inakuja baada ya kujaza mafuta tu, kisha inapungua

Sababu ya kwanza ni kujaza mpaka shingoni. Petroli ikipata joto hutanuka, takribani asilimia moja kwa kila nyuzi 10. Ukijaza lita 45 asubuhi kukiwa na ubaridi wa nyuzi 20, kisha gari lilale juani mchana wa Oktoba mpaka mafuta yafike nyuzi 40, kuna karibu lita moja inayotafuta pa kutokea. Itatokea kwenye kifuniko, na kifuniko kiko chini ya siti. Kwa hiyo acha lita mbili tatu chini ya ujazo wake, hata kama safari ni ya Mpanda.

Ukiwa hukujaza kupita kiasi, angalia sahani ya boya la geji, kile kinachoelea ndani kupima mafuta, juu ya tenki. Imefungwa kwa skrubu ndogo kuzunguka, na chini yake kuna gasketi. Gasketi ikikauka hupasuka, na tenki likijaa petroli inapanda taratibu na kulowesha sehemu ya juu. Futa kwa kitambaa kikavu, jaza kiasi, lisukume gari mbele na nyuma, angalia unyevu unaanzia wapi. Skrubu zikazwe kwa zamu, upande huu kisha upande wa pili, bila kulazimisha, maana nyuzi zake kwenye bati lile ni nyembamba. Gasketi mpya ikatwe kwenye karatasi ya gasketi inayostahimili petroli. Silikoni ya kawaida, ile ya kubana vioo, petroli huivimbisha ikawa kama uji, halafu vipande vyake vinaingia kwenye tenki.

Mpira wa kifuniko nao huchoka. Kwenye gari lenye mdomo wa kujazia ubavuni, pinda ule mpira mnene unaounganisha mdomo na tenki: ukiona nyufa, badilisha. Hapo si mahali pa kuvalisha ganda la tairi.

Harufu ipo kila siku, hata tenki likiwa nusu

Hapa sasa kuna kitu kinavuja muda wote.

Anza na mipira ya mafuta na maungio yake. Mpira wa zamani hukauka, unapoteza ulaini, unapasuka pale klipu inapouma. Pitisha kidole kilichovikwa karatasi nyeupe kuanzia tenki hadi pampu. Karatasi itakuonyesha doa kabla ya jicho. Ukibadilisha, nunua mpira wa mafuta wenyewe, ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta. Wa maji ya redieta utaingia vizuri na utakaa mwezi, kisha utavimba na kuoza kwa ndani.

Gari la matenki mawili lina koki ya kuchagua tenki. Pakiti ya shina lake, kile kizibio kinachozunguka shina, huchakaa, petroli inatokeza kwenye mshikio, tone dogo ambalo hukauka kabla halijadondoka. Dereva anaigusa kila siku na kulaumu mikono yake kwa kunuka. Kaza nati ya shina robo mzunguko. Ikiendelea, badilisha koki nzima.

Ikiwa huku kote ni kukavu, nusa chini ya boneti. Harufu ya kabureta inayofurika au pampu inayovuja huingia ndani kupitia matundu ya ukuta wa mbele, na gari la jeshi lina matundu mengi kuliko la raia kwa sababu ya nyaya za redio zilizopitishwa kisha zikang'olewa. Ziba matundu, ndiyo, lakini baada ya kumaliza uvujaji. Ukiyaziba kwanza umeua pua yako tu.

Sababu isiyotokea sana, lakini nzito kuliko zote, ni tenki lenyewe kutoboka kwenye mshono au chini. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, tenki ni la bati la chuma. Udongo na maji vinakaa kati ya tenki na chuma linapoegemea, na baada ya masika kadhaa kutu inakula kutoka nje. Kwa juu utaona tenki zima lenye rangi. Pitisha mkono chini. Ukipata magamba yanayobanduka, usiyakwangue ili "uone limefika wapi". Gamba lile huenda ndilo linaloshikilia mafuta. Simama hapo, toa petroli, ndipo tenki lishuke.

Kuna tone chini ya gari

Fuata tone kwenda juu. Hewa ya safari hulisukuma nyuma, hivyo lilipodondokea si lilipotokea. Kagua boliti ya kumwagia iliyo chini ya tenki na washa yake, ile pete ndogo, kabla ya kulaumu kitu kingine. Washa mpya ya kopa hugharimu kidogo sana.

Ukiwa porini na tenki lina tundu dogo, sabuni ya mche inasaidia kweli. Ikande ikiwa kavu, isugue kwenye tundu mpaka izibe. Petroli haiyeyushi sabuni kama inavyoyeyusha gundi nyingi. Ni ya kukufikisha kijiji kinachofuata tu. Mvua ikinyesha au ukivuka korongo lenye maji, sabuni imekwenda. Na kama tone linaangukia bomba la eksozi, hapo hakuna cha sabuni: zima, teremsha watu, subiri.

Gari linazima njiani, likipumzika linawaka

Hii inaletwa sana mwishoni mwa kiangazi, na karibu kila mara huletwa na mtu aliyebadilisha plagi, koili na kondensa bure. Gari likizima, kabla ya yote fungua kifuniko cha tenki polepole. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, tatizo umelipata: mrija wa kupumulia umeziba. Pampu inanyonya, hewa haiingii, mafuta yanagoma. Ukipumzika hewa inapenya kidogo na gari linawaka tena. Huku kwetu anayeziba mrija ule mara nyingi ni nyigu wa udongo, hasa gari likikaa bila kutumika. Chomoa mrija, upulize ukiwa umeutenga na tenki. Kuna wanaotatua kwa kutoboa kifuniko kwa msumari. Wamefungua njia ya mvuke kuingia kabini moja kwa moja, na gari likipinduka petroli inamwagika juu ya aliyelala ndani.

Kinyume chake pia kinatokea: ukifungua kifuniko, petroli inaruka. Mrija ule ule umeziba, lakini safari hii joto limejenga msukumo. Funga tena, sogeza gari kivulini, rudi likiwa limepoa.

Kama kifuniko hakivuti wala hakitoi, tazama kikombe cha kioo kwenye pampu, kwa gari lililo nacho. Mchanga mwekundu chini yake ni kutu ya tenki. Matone yanayojitenga kama lulu ni maji. Kikombe kikiwa na mapovu matupu na injini imechemka, mafuta yamegeuka mvuke ndani ya pampu, jambo la kawaida ukivuta mzigo mchangani kwa gia ndogo muda mrefu. Kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na dakika chache za kupumzika vinatosha.

Sasa kuna tiba moja ya barabarani ambayo ningependa ife. Pampu ikikataa, kuna anayefunga dumu au chupa ya petroli juu ya boneti, mpira unateremka moja kwa moja kwenye kabureta, na gari linatembea. Hakuna koki, hakuna kinachokata mafuta injini ikizima. Sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta, ikikwama, petroli yote inamwagikia kwenye manifodi ya eksozi, ambayo ikifanya kazi ngumu hupita joto la kuwasha mvuke bila cheche. Na dumu liko mbele ya macho ya dereva, likitikisika. Omba kuvutwa kwa kamba. Aibu ya kuvutwa hadi Ipole itaisha siku hiyo hiyo.

Oili inaongezeka kwenye fito ya kupimia, nayo inanuka petroli

Hii watu huifurahia: "Land Rover langu halili oili." Kiwambo cha pampu, ile ngozi ya ndani inayosukuma mafuta, kimepasuka na petroli inateremka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Chanzo cha pili ni kabureta kufurika. Usiwashe injini hata kuisogeza tu. Mvuke uko ndani ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli haishiki bearingi. Badilisha kiwambo au pampu, kisha oili na filta, kwa mpangilio huo. Kama hujawahi kufungua pampu, mpe fundi.

Geji inadanganya

Mara nyingi ni waya wa bodi wenye kutu kwenye sahani ya boya, au boya lililoingia mafuta likazama. Pima kwa fito safi ya mbao. Usigusishe waya wa boya kwenye bodi ili kuona kama mshale unapanda, kipimo kinachofundishwa kila gereji. Unapiga cheche juu ya tundu la tenki.

Ulifunga injini ya dizeli, tenki moja linafurika

Wengi wameng'oa injini ya petroli na kufunga ya dizeli kutoka kwenye Toyota. Injini ya dizeli hurudisha mafuta ya ziada kwenye tenki. Mrija wa kurudisha ukifungwa tenki la kulia, halafu dereva akachagua kunyonya la kushoto, la kulia linajaa lenyewe mpaka linamwagika chini ya siti. Ufumbuzi ni koki inayobadilisha kunyonya na kurudisha kwa pamoja, au kutumia tenki moja. Moto wa dizeli si mwepesi kama wa petroli, lakini sakafu iliyolowa dizeli, nyaya chakavu na breki inayoteleza chini ya kiatu haviendi pamoja. Na tenki liliwahi kuwa la petroli: msilichukulie kuwa salama kwa sababu leo lina dizeli.

Kutu ndani, na habari ya kuchomelea

Tenki lenye kutu ndani lioshwe likiwa limeshuka kwenye gari. Toa mafuta yote nje kwenye hewa, weka maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia mpaka pua isipate kitu. Kisha kokoto safi na maji, tikisa tena. Kokoto kavu ndani ya tenki lililokuwa na petroli ni kujipigia cheche mwenyewe. Asidi ya betri, ambayo kuna wanaoishauri, inakula bati lililobaki pamoja na kutu. Vaa glavu, matenki mengi ya enzi hizo yalipakwa mchanganyiko wenye risasi, na petroli yenye risasi ilitumika Afrika kusini mwa Sahara mpaka mwishoni mwa 2005, kwa hiyo tope la chini si uchafu wa kawaida. Maji ya kuoshea yasiende mtaroni wala karibu na kisima.

Ukitaka kujua linavuja wapi, ziba matundu, paka povu la sabuni, tia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli. Kompresa ya tairi inaweza kulipasua.

Kuchomelea ndiko kunakoua. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Piga hesabu kwa tenki la lita 45: kijiko kimoja cha chai cha petroli, kikigeuka mvuke wote, kinatosha kulifikisha hapo. Ndiyo maana tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina hewa ya kutosha ndani. Na kijiko hicho hukioni. Kimejificha kwenye mshono na ndani ya magamba ya kutu, hakinuki likiwa baridi, kinatoka moto wa gesi ukigusa bati.

Utaambiwa lijazwe moshi wa eksozi ya gari jingine. Moshi huo una hewa iliyobaki, una petroli isiyoungua, na wakati mwingine una cheche. Utaambiwa lijazwe maji: maji hupunguza nafasi, lakini hayafiki kila kona, na fundi atataka kuyapunguza ili afike kwenye tundu. Utaambiwa "limekaa juani wiki nzima". Kwa tenki la bati la zaidi ya miaka 40 mimi sioni hesabu inayokubali kuchomelewa. Tafuta tenki jingine zima. Kama lazima lizibwe, liende kwa karakana inayosafisha kwa mvuke wa maji, inayopima mvuke kwa kifaa, na inayofanya kazi hiyo mara kwa mara. Fundi wa madirisha ya chuma, hata awe hodari vipi, usimpe.

Madumu ndani ya gari na kunyonya kwa mdomo

Dumu la chuma la lita 20, lile ambalo Wajerumani walilibuni kwa ajili ya jeshi lao mwaka 1937, limeachiwa nafasi ya hewa juu kwa ajili ya mafuta kutanuka, na ndiyo sababu halikupitwa na wakati. La plastiki la mafuta ya kula halina hiyo, na kifuniko chake hulegea kwenye mashimo ya barabara. Dumu lolote lijazwe likiwa chini ardhini. Likiwa juu ya plastiki au godoro ndani ya gari, umeme tuli hauna pa kutokea.

Petroli isinyonywe kwa mdomo. Tumia pampu ya mkono, au mpira wenye balbu ya kubonyeza. Aliyemeza asitapishwe na asipewe maziwa ili atapike, kwa sababu hatari kubwa ni petroli kuingia mapafuni inaporudi. Apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa: Kitete kwa walio Tabora mjini, Maweni kwa walio Kigoma.

Moto ukishika

Zima injini, toka, toa watu, sogeeni upande upepo unakotokea. Mtungi wa unga uelekezwe chini ya moto, ukianzia ukingo wa karibu. Boneti isifunguliwe yote. Ipenyeze kidogo na upulize unga humo. Moto ukifika kwenye siti, acha gari liungue. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukitaja barabara na kijiji cha karibu, na useme gari lina matenki mawili na madumu mangapi nyuma. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno isipakwe, na asali nayo isubiri daktari.

Moto ukizimika, usifungue kifuniko wala kuunga betri siku hiyo. Tenki la pili, lile ambalo halikuungua, bado lina petroli yake na sasa limechemka. Likishapoa kabisa, mafuta yatolewe kwa pampu ya mkono kabla gari halijavutwa kwenda popote.